Kamba ya Taifa

Nchi yenyewe siitaji jina. Ukiitambua katikati ya hadithi, nyamaza, maana wenyewe hawapendi kutambuliwa, na wana ofisi nzima ya kuwashughulikia wanaotambua. Mimi nasema tu kwamba ni nchi nzuri, ina watu wapole, miti mirefu, na kamba moja.

Kamba hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Zamani wapanda miti wa serikali, wale wanaopunguza matawi makavu na kuangusha miti iliyozeeka karibu na nyumba za watu, walikuwa wanapanda kwa mikono, kwa miguu, na kwa kumtaja Mungu. Wakawa wanaanguka. Watu wakalalamika. Basi Wizara ya Miti Mirefu na Usalama wa Wanaoitazama ikatuma ujumbe mzito ng'ambo, ukakaa huko msimu mzima wa baridi ukijifunza habari za kamba. Ukarudi na makoti ya sufu na kamba moja ya buluu, ndefu, laini, yenye nguvu ya kubeba ng'ombe wawili na mchungaji wao. Siku ilipowasili paliimbwa wimbo. Mheshimiwa Waziri Kilindo aliipapasa mbele ya wananchi, machozi yakamlengalenga, akasema mtu wa nchi ile hataanguka tena.

Sasa, kamba ilikuwa moja na nzuri mno. Nani angethubutu kuifunga kiunoni mwa mtu anayetoka jasho? Wataalamu walikaa, wakala, wakatafakari, wakakubaliana kwamba kuitumia ni kuiharibu, na kwamba inatosha iwepo. Ikatengenezewa sanduku la kioo. Ikawekewa mto wa mahameli. Akateuliwa Mlezi wa Kamba, akapewa gari, dereva, na walinzi wenye glovu nyeupe. Tangu hapo kila panapokatwa mti, kamba huletwa kwanza. Sanduku huwekwa mahali pa heshima, wafanyakazi husimama wima, Mlezi huuliza kwa sauti kubwa, "Kamba ipo?" nao hujibu, "Ipo!" Hapo mpandaji huvua viatu, akapanda mikono mitupu.

Na kuanguka je? Kuanguka kulikwisha. Ingekuwa aibu kwa kamba kama ile watu waendelee kuanguka mbele yake, kwa hiyo Wizara ililifuta neno lenyewe. Mtu akifika chini kabla ya kazi kwisha, husemwa ameshuka mapema. Takwimu za kuanguka zikawa sifuri, na Mheshimiwa Kilindo akaalikwa kwenye makongamano kuwaeleza wenzake siri ya mafanikio.

Chausiku alikuwa mjane wa mtu aliyeshuka mapema.

Mumewe, Mwinjaka, alishuka kutoka kwenye mkaratusi wa posta, akafikia pembeni kabisa ya sanduku la kioo. Watu walishukuru sana kwamba hakuligusa. Siku ya mazishi Mheshimiwa alikuja mwenyewe akahutubia. "Marehemu alikuwa mchapakazi," alisema. "Hata katika kushuka, aliwatangulia wenzake." Watu wakapiga makofi kwa sababu walizoea. Kamba nayo ililetwa msibani, ikakaa mstari wa mbele pamoja na jamaa wa karibu. Chausiku aliitazama tangu sala hadi udongo wa mwisho. Ilikuwa safi, haina hata uzi mmoja uliotoka. Donge likamkaba kooni siku ile, na mpaka hadithi hii inaanza lilikuwa halijashuka, si mapema wala baadaye.

Yeye mwenyewe alifanya kazi katika kikosi hicho hicho, lakini chini. Alikokota matawi na kuwapigia kelele walio juu, "Angalia mguu! Hilo kavu! Sogea kulia!" Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusimamisha lori, na alikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki duniani wa kumpigia kelele kwa uchungu. Huyo ni Pazi, mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Na Pazi, jamani, ndiye aliyepangiwa kupanda msufi wa Sufini.

Sufini ni mji mdogo, na msufi wake ulisimama kando ya zahanati. Ulikuwa mkubwa, watu watatu wasingeukumbatia wakakutana mikono. Upande mmoja ulikuwa bado na majani, upande wa pili umekauka, na ndani mchwa walikuwa wamekula wakashiba wakaita wageni. Ukiugonga unalia kama ngoma. Kila aliyewahi kukata miti anajua msufi hata ukiwa mzima haupendi kubebeshwa mtu. Huu haukuwa mzima.

Wizara iliuchagua kwa ajili ya kilele cha Wiki ya Usalama Kazini. Ungekatwa hadharani, wananchi waone namna kazi inavyofanywa kwa usalama. Na kwa kuwa jua la Sufini ni kali na Mheshimiwa hapendi jua, jukwaa la wageni rasmi lilijengwa chini ya msufi wenyewe, kwenye kivuli.

Chausiku alipoliona jukwaa aliuliza mafundi, "Hawa watakaa chini ya mti unaokatwa?"

"Ndiko kwenye kivuli," fundi mmoja akamjibu, akaendelea kupiga misumari.

Siku iliyotangulia sherehe, kamba iliwasili ikapelekwa nyumba ya wageni, chumba chenye kiyoyozi. Kikosi cha wapandaji kilielekezwa barazani pa zahanati, kilale huko na mbu. Chausiku hakwenda barazani. Alijifunga kanga vizuri, akaenda kumwona Mlezi wa Kamba, Bwana Nganzi, mtu mwembamba mwenye miwani, anayeongea polepole kama aliyebeba mayai.

"Shikamoo, Bwana Mlezi."

"Marahaba, mama. Simama hapo hapo mlangoni. Pumzi ya watu ina unyevu."

"Nimekuja kuomba kamba."

"Kuiona? Saa za kuiona zimepita. Uje kesho na wananchi wengine."

"Si kuiona. Kuitumia. Kesho ndugu yangu anapanda ule msufi, na ule msufi umeoza, Bwana Mlezi. Naomba afungwe kamba. Mara moja tu. Nitaifua mwenyewe, nitaianika kivulini."

Bwana Nganzi alitafuta kiti akakaa. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mama, hebu tufikiri pamoja, mimi na wewe kama watu wazima. Tuseme kamba imefungwa kwa huyo kijana. Imepanda mtini. Imekwaruzwa na magome, imepigwa na vumbi, imeshuka. Hapo tutakuwa na nini?"

"Tutakuwa na Pazi."

"Tutakuwa na kamba iliyotumika!" Sauti ilimtoka Bwana Nganzi mpaka mlinzi akachungulia. "Na mti ujao tutaupandaje? Kwa usalama upi? Unataka taifa zima lipande miti kienyeji kwa ajili ya ndugu yako mmoja? Ubinafsi huo, mama." Kisha akamtazama vizuri. "Wewe si mjane wa Mwinjaka?"

"Ndiye mimi."

"Sasa unalalamika nini? Kamba ilikuwepo msibani kwako. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Haikuondoka hata kwenda kunywa chai."

Chausiku alitaka kumng'ata. Nasema kweli, aliyapima hata masikio ya yule bwana, akaona lipi liko karibu. Lakini alijua akimng'ata atafungwa, na akifungwa hatakuwepo chini kesho kumpigia Pazi kelele. Akameza, akasema ahsante, kwa sababu katika nchi ile ukinyimwa lazima ushukuru, akatoka.

Alimkuta Pazi barazani anasokota vipande vya gunia kujitengenezea mkanda wa kujishikiza.

"Usipande," Chausiku alimwambia.

"Dada, umeanza."

"Sijaanza, naendelea. Pazi, ule mti nimeugonga mwenyewe. Ni tupu. Sema unaumwa tumbo."

"Nikisema naumwa watanihamishia Idara ya Vichaka." Pazi aliinua uso, na uso wake ulikuwa na woga wa kweli. "Unajua wanavyochekwa wale? Mtu mzima, mpanda miti, unakwenda kupogoa ua wa ofisi umechuchumaa! Mimi si mtoto, dada."

"Mwinjaka naye hakuwa mtoto."

Pazi akacheka kile kicheko chake cha kufunga mazungumzo. "Na hata kamba ningepewa, nisingevaa. Wenzangu wangesema nimefungwa kama mbuzi."

"Mbuzi wangu yuko hai," Chausiku alisema. "Nimemfunga mwenyewe."

Pazi aliendelea kusokota. Na Chausiku alikaa pembeni yake akimwangalia, hasira na huruma vinapigana ndani yake, hajui ampige kofi au amkumbatie. Mwisho hakufanya lolote kati ya hayo mawili, alimsaidia kusokota.

Kesho yake Sufini yote ilijaa. Palikuwa na bendi, palikuwa na watoto wa shule wenye vibendera, na juu ya jukwaa lote palitandazwa bango kubwa limeandikwa USALAMA KWANZA. Wageni rasmi walivaa vizibao vinavyong'aa. Kofia ngumu ilikuwa moja, nyeupe, nayo aliivaa Mheshimiwa Kilindo, maana yeye ndiye aliyekuwa na kichwa chenye majukumu. Wapandaji waligawiwa fulana za Wiki ya Usalama, na glovu za mkono wa kushoto. Za kulia zingekuja mwakani.

Sanduku la kioo liliwekwa kando ya mlingoti wa bendera, kamba ikimetameta ndani.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alianza, "usalama si kitu cha kufungwa kiunoni. Usalama hufungwa moyoni! Ziko nchi zenye kamba nyingi, kila mfanyakazi na yake. Mnajua kinachotokea huko? Hawaziheshimu! Wanazikanyaga, wanazilaza kwenye matope, wanazifunga mafundo! Mimi nimeona kwa macho yangu kamba imefungwa fundo. Nililia. Sisi yetu haijawahi kufungwa fundo hata moja, na haitafungwa maadamu mimi niko hai!"

Makofi. Bendi ikapiga kidogo.

Chausiku hakuweza kuvumilia. Alijipenyeza mpaka mbele ya jukwaa. "Mheshimiwa, samahani. Mti huu umeoza."

Mheshimiwa alimtazama kwa upendo wa kiongozi. "Mama yangu, umeoza ndiyo maana tunaukata. Ulitaka tukate mzima?"

Wageni wote walicheka, na waliochelewa kuelewa walicheka zaidi. Chausiku alibaki amesimama pale, uso unamwaka moto. Maana utasema nini? Mtu akikujibu upuuzi kwa sauti ya busara, na watu wakapiga makofi, maneno yako yote yanaonekana ya mwendawazimu.

"Kamba ipo?" Bwana Nganzi akaita.

"Ipo!"

Pazi alivua viatu.

Alipanda vizuri, hilo nalisema bila kumpendelea. Mguu huku, mkono kule, mkanda wa gunia akiuzungusha kwenye shina na kuusogeza, msumeno wa mashine ukining'inia mgongoni kwa kipande cha waya. Alifika usawa wa ghorofa ya pili, akakaa kwenye tawi kubwa kavu lililopita juu ya jukwaa, akauwasha msumeno, akaushika kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine alikuwa ameshikilia uhai wake. Chini wageni walitazama juu, midomo wazi, vumbi la mti likiwaingia.

"Sogea nyuma!" Chausiku alipaza sauti. "Pazi! Nyuma, karibu na shina!"

Msumeno ulikata kidogo tu. Kisha mti ukatoa mlio. Si mlio wa tawi, mlio wa shina, kutoka ndani kabisa, na ufa ukafunguka pale tawi lilipoungana na mti. Tawi likainama na Pazi juu yake. Mkanda wa gunia ukakatika papo hapo. Msumeno ukamponyoka, ukaanguka ukiwa unanguruma bado, ukachimba ardhi mbele ya bendi.

"Makofi kwa msumeno!" mshereheshaji akasema. Watu wakapiga.

Pazi alilala kifudifudi juu ya tawi amelikumbatia, na tawi liliendelea kuinama, kidogo kidogo, likilia. Alimtafuta dada yake kwa macho. Hakuita. Ndipo Chausiku alipojua kwamba mdogo wake ameshakata tamaa, anangoja tu.

Jamani, donge lile la kooni likapasuka. Chausiku aliruka jukwaani, na mwili wake wote ule, akainyakua kofia nyeupe kichwani mwa Waziri, akaruka chini, akakipiga nayo kioo cha sanduku kwa nguvu zake zote. Kioo kikamwagika. Bwana Nganzi alipiga ukelele ambao Sufini hawajausahau. Chausiku aliivuta kamba kutoka kwenye mahameli, akajaza mchanga kwenye glovu moja ya kushoto, akaifunga nchani. Alifunga fundo. Mbele ya Mheshimiwa. Akazungusha mkono, akarusha.

Glovu ilipanda, ikapita juu ya panda la upande wenye uhai, ikashuka ikining'inia karibu na uso wa Pazi. "Jifunge!" Chausiku alipiga kelele. "Chini ya kwapa! Jifunge, Pazi, au nitapanda huko nikuue mwenyewe!" Pazi alijifunga. Chausiku aliizungusha ncha ya pili kwenye mlingoti wa bendera, mara moja, mara mbili, akajiegemeza nyuma kwa uzito wote aliopewa na Mungu.

Mheshimiwa wakati huo alikuwa ameshatoka jukwaani, anakimbilia kofia yake. Hapo tawi likavunjika. Lilikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha mgeni rasmi, likakipondaponda pamoja na bango la USALAMA KWANZA, na kwa bahati wageni wengine walikuwa wamesimama pembeni kumsaidia kutafuta kofia. Pazi alibembea, akajigonga begani kwenye shina, akapiga yowe, akabaki ananing'inia kati ya mbingu na zahanati. Hai.

Chausiku alilia na kucheka kwa pamoja. Viganja vilimwaka, lakini alishika.

Sasa utadhani wangesema ahsante. Mheshimiwa alitazama kiti chake, akatazama kofia yake yenye ufa, akatazama kamba. Uso ukamgeuka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, ile wanayoitumia wakiwa na hasira za kitaifa, "rudisha mali ya umma."

"Ndugu yangu yuko juu!"

"Namwona. Rudisha kamba."

"Mheshimiwa, nikiachia atakufa!"

"Hatakufa. Atashuka mapema."

"Inasuguliwa!" Bwana Nganzi alikuwa amepiga magoti, anavuta mashavu yake mwenyewe. "Inasuguliwa na gome! Oo, mwanangu! Walinzi, ichukueni!"

Walinzi wa glovu nyeupe walimzunguka Chausiku. Yeye aliwatazama, wanaume wenye vifua vipana, wamekula vizuri, wameshiba. Mikono yake mwenyewe ilikuwa inateleza kwa damu, na asingeweza kushika kwa muda mrefu zaidi. Ndipo akili ikamjia, katikati ya hasira zile zote.

"Haya," alisema. "Shikeni mali yenu. Lakini mkiilegeza ghafla itapita kwenye gome kwa kasi, itaungua yote. Na ikianguka chini, kuna matope."

"Msiilegeze!" Bwana Nganzi alipiga kelele. "Ishikeni sana! Polepole! Hata uzi usigusane na matope!"

Basi walinzi wakaishika kamba kwa heshima zote, wakaanza kuirudisha kidogo kidogo, mkono kwa mkono, huku Bwana Nganzi akiwahimiza kwa machozi, na kwa kuwa Pazi alikuwa amefungwa upande wa pili, Pazi naye akashuka kidogo kidogo. Tangu nchi ile ipate uhuru hakuna mwananchi aliyewahi kushushwa kwa upole namna ile. Alipogusa ardhi walimfungua kwa haraka, wakaipokea kamba mikononi, wakaifuta, wakaibusu. Pazi wakamwacha amelala.

Chausiku alimwangukia mdogo wake. Bega lilikuwa limetoka mahali pake, mkono unaning'inia. Alimfunga mkono kwa kanga yake, akamwinua, akamkokota hatua chache hadi mlango wa zahanati. Mganga alikuwa ameshatoka na bandeji mkononi.

"Ngojeni!" Mheshimiwa aliita. "Huyu ameshukaje?"

Wataalamu wa Wizara waliitwa, wakafanya kikao papo hapo, wamesimama. Ilikuwa kazi ngumu, nao walitoa jasho. Mpandaji huteremka kazi ikiisha. Kazi haikuwa imeisha, nusu ya msufi bado ilikuwa imesimama, tena imepasuka. Au hushuka mapema. Lakini anayeshuka mapema hufika chini kwa nguvu zake mwenyewe, na huyu hakufika hivyo. Wakabishana, wakapatana, na mkubwa wao akatoa taarifa.

"Mheshimiwa, kilichoshuka ni kamba. Kijana alikuwa ameambatana nayo tu. Yeye binafsi hajashuka. Kiserikali, bado yuko juu."

"Yuko hapa!" Chausiku alisema. "Huyu hapa! Mguseni!"

"Tunakuelewa, mama. Lakini yuko juu."

Mganga alitazama bandeji yake, akamtazama Pazi, akamtazama Waziri. Alikuwa mtu mwema, hilo lilionekana. "Samahani sana," alisema. "Zahanati hii haina ruhusa ya kumtibu mtu aliye juu ya mti." Akafunga mlango taratibu, usimgonge mgonjwa.

Chausiku aliugonga ule mlango kwa ngumi, akaugonga kwa paji la uso. Aliwatukana wote kwa matusi ambayo alikuwa akiyahifadhi tangu msiba wa Mwinjaka. Alimtukana Bwana Nganzi, na mto wake, na dereva wake. Watu walimsikiliza kwa adabu. Mshereheshaji alisubiri amalize, kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye maoni.

"Tusikuze jambo," Mheshimiwa akasema, ameshaivaa tena kofia yenye ufa. "Sisi si watu wakatili. Suluhisho lipo. Apande tena, amalizie sehemu iliyobaki, ateremke kwa utaratibu. Akifika chini kihalali, atatibiwa, tena bure."

Walinzi walikuwa wameshalibandika sanduku kwa gundi ya karatasi. Kamba ilikuwa imekunjwa juu ya mahameli, na kikwaruzo chake kimefunikwa na kitambaa cheusi.

"Kamba ipo?"

"Ipo!"

Na Pazi, mwenzangu, Pazi alianza kwenda. Mkono mmoja umefungwa kanga shingoni, uso umesawijika kwa maumivu, anatembea kuelekea kwenye ule msufi uliopasuka.

"Unakwenda wapi?" Chausiku alimdaka shati.

"Dada, bega linaniuma."

"Ndiyo maana unakwenda kupanda?"

"Nikipanda mara moja nikashuka, watanitibu. Yaishe." Alikuwa analia kimya kimya. "Niache, dada. Wenzangu wananitazama. Nitapanda kwa mkono mmoja, nimeshawahi."

Kwa walinzi Chausiku alikuwa na akili, kwa Waziri alikuwa na kofia. Kwa huyu hakuwa na kitu. Ungefanya nini? Mtoto uliyemlea kwa uji na mgongo wako, umemnyang'anya mautini mchana huu huu, naye anakuomba umwachie arudi. Alimtia ngwala. Pazi akaanguka kwenye nyasi chali, na kabla hajainuka, Chausiku akakaa juu ya miguu yake, akajiweka vizuri, akakunja mikono.

"Mama, inuka," Mheshimiwa alisema. "Unazuia kazi ya serikali."

"Sizuii kitu. Nimechoka, nimekaa."

"Umemkalia mfanyakazi."

"Si mnasema yuko juu?"

Walinzi walijaribu kumwinua, wakashindwa. Wataalamu wakaitwa tena kutafuta kanuni inayomkataza dada kumkalia mdogo wake. Walitafuta mpaka bendi ikaondoka, mpaka watoto wa shule wakaondoka, hawakuipata. Kwa hiyo wameunda tume, na tume imekwenda ng'ambo kujifunza.

Chausiku yuko pale mpaka leo, kando ya zahanati, amemkalia mdogo wake. Pazi anamnung'unikia, anasema miguu imekufa ganzi, na yeye anamwambia, "Afadhali miguu." Ukipita Sufini mpelekee maji ya kunywa, na kama una mkono wa kurudisha bega, ingia umsaidie kijana. Ila ukifika usikae sana mahali pamoja, na macho yako yawe juu. Ule msufi bado umesimama.